Mara Mbili, Legeza Kamba

Kituoni, Jumatano, 4 Machi

Kwa Baba Bonge,

Mimi mzima. Nimefika, na boti ya mahitaji haikuzama, ingawa ilijaribu. Chumba nilichopewa kiko ubavuni mwa pampu ya kujazia mitungi ya hewa. Pampu ikianza kukohoa asubuhi, maziwa yananishuka mpaka shati linalowa, kwa sababu mwili wangu mjinga unadhani ni Bonge analia. Najifungia, nakamua kwenye beseni, namwaga. Kuyakamua si tabu. Tabu ni kuyamwaga.

Watu hapa si wengi. Yuko Mkuu wa kituo, ambaye huongea huku anatazama saa. Wako wazamiaji, wanaume watupu, mmoja wao wanamwita Mrefu na ukimwona huulizi kwa nini. Wako pia mabinti wawili wa mafunzo, kazi yao kuosha chupa za sampuli na kutazama bahari dirishani. Sijatua hata begi, wakaniambia, "Dada, ukishuka wewe, na sisi tutashuka." Mpaka leo hakuna mwanamke aliyewahi kushuka hapa. Mkuu anasema anataka kuona kwanza mimi nitakavyofanya.

Kazi yenyewe nilikueleza juujuu, sasa nikueleze vizuri. Pale mto unapoingia baharini kuna vipimajoto vilivyofungwa sakafuni tangu mwaka jana. Lazima vitolewe kabla ya mvua kubwa, la sivyo tope litavizika na joto la mwaka mzima tutakuwa tumelipoteza. Maji ya pale ni tope tupu, huoni mkono wako ukiuweka mbele ya pua. Ndiyo maana mzamiaji anafungwa kamba kiunoni, na juu, kwenye boti, yuko mtu ameishika. Mnaongea kwa kamba. Ukivuta mara moja, niko salama. Mara mbili, legeza, nipe kamba. Mara nne, nipandishe. Basi. Kule chini hakuna maneno mengine.

Mshika kamba wetu wanamwita Nanga. Ni mtu mzima, mpole, mikono yake kama makasia. Ananiita binti yangu.

Vazi la kuzamia ulilonipunguzia limenikaa sawasawa. Waliyonayo hapa yote yalikatwa kwa miili ya wanaume. Ningevaa moja, maji yangeingia shingoni yakatokea miguuni. Sindano zako zilizovunjikia kwenye ule mpira hazikuvunjika bure.

Usiwe na wasiwasi. Mimi sina. Nichoree kiganja cha Bonge kwenye barua, nikiweke mkono.

Wako,
Mama Bonge


Nyumbani, Jumapili, 8 Machi

Mama Bonge wangu,

Huna wasiwasi? Basi nielekeze duka ulikonunua huo moyo na mimi nikajinunulie. Wangu unadunda mpaka mguu unakosea pedali ya cherehani.

Bonge hajambo. Siku za mwanzo alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Nikagonga na mimi, tukawa watatu tunapiga kelele. Sasa maziwa anakunywa kikombeni, nusu yanakwenda tumboni, nusu kwenye shati langu. Mchana anakaa chini ya meza ya kukatia anacheza na vitambaa. Mikono yake haitulii. Akiona kitu kinaning'inia, lazima akivute. Amekufuata wewe.

Jana kuna mteja alikuja kuchukua suruali. Akaniuliza, "Fundi, mama watoto simwoni, kaenda wapi?"

"Kazini. Baharini."

"Kuvua?"

"Kupima joto la maji."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Joto la maji si unatia kidole tu!"

Nikamwambia alete hicho kidole chake nikipime, tuone kama kinafika sakafuni. Watu waliokuwepo wakacheka, yeye akanuna. Suruali yake imembana kidogo kiunoni. Sijui ilikuwaje, chaki yangu iliteleza.

Kiganja hiki hapa. Nimechora kwa chaki ya nguo nikapitisha kalamu juu yake. Alikuwa anacheka, ndiyo maana kidole gumba kimetoka kama kiazi.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Ukiogopa, niambie. Usinifiche, mama. Mimi ni mumeo, si Mkuu wa kituo.

Wako,
Fundi


Kituoni, Alhamisi, 12 Machi

Baba Bonge,

Kiganja nimekibandika ukutani juu ya kitanda. Nikiamka naweka mkono wangu juu yake, mdogo ndani ya mkubwa, kisha ndipo naanza siku.

Umesema nikiogopa nikuambie. Haya.

Jumatatu nilishuka. Giza lilinimeza mapema kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nasikia pumzi zangu tu, na maji yananisukuma ubavu kama mtu anayetaka nipishe njia. Nikagusa tope kwa magoti. Nikavuta mara moja, niko salama. Nikapapasa mbele, kamba ikawa imekaza, kwa hiyo nikavuta mara mbili, nipe kamba. Sikupewa. Kiuno changu kiliondoka kabla yangu. Nilipandishwa kama ndoo ya kisima.

Sijui kama unaelewa hatari yake. Hewa unayovuta kule chini imebanwa. Ukipanda haraka inavimba ndani yako, na ukiizuia inapasua mapafu. Tulifundishwa tutoe sauti mfululizo ili itoke. Sauti iliyonijia mimi ni ule wimbo ninaomlazia Bonge. Nikauimba ndani ya tope, mpira wa hewa mdomoni, huku navutwa.

Juu, Nanga alinikumbatia na mtungi mgongoni. "Pole, binti yangu, pole! Nimekusikia!"

"Umesikia nini, mzee?"

"Umevuta nne."

"Nimevuta mbili."

"Nne, binti yangu. Mkono huu haukosei."

Mrefu alikuwa anatazama viatu vyake.

Jana tukarudia, ikawa vilevile. Mbili yangu ikageuka nne njiani. Mkuu akaniita ofisini, akaangalia saa, akasema, "Ukipandishwa tena kabla hujafika kwenye vipimajoto, wanawake wabaki maabara. Si kwa ubaya. Ni usalama." Nilipotoka, wale mabinti wawili walikuwa wamesimama koridoni na chupa mikononi, wanajifanya wanapita.

Sasa hili nakuambia wewe tu. Bahari siiogopi sana. Namwogopa aliyeshika kamba. Kila nikifumba macho nahisi kiuno kinavutwa. Na siwezi kulisema hapa, kwa sababu nikitamka neno naogopa, hakuna atakayeuliza naogopa nini. Watatikisa vichwa tu: si tulisema.

Nina mafua kidogo, si kitu.

Wako,
Mama Bonge


Nyumbani, Jumapili, 15 Machi

Mama Bonge,

Sisi wazima kabisa. Wazima kabisa kabisa. Bonge anakula, analala, anacheka. Hakuna jipya.

Kazi zimenizidi ndiyo maana naandika kwa kifupi. Siku hizi nguo natoa bila kupiga pasi, wateja watanyoosha wenyewe makwao.

Huyo mzee mwambie ukweli. Au usimwambie. Sijui. Jitunze.

Kiganja hicho hapo chini.

Fundi


Kituoni, Alhamisi, 19 Machi

Baba Bonge,

Nimeweka mkono wangu wa kulia juu ya kiganja ulichonitumia, kama ninavyofanya siku zote. Kidole gumba changu kimeangukia kwenye kidole chake cha mwisho. Nimegeuza karatasi, nimeitazama mpaka machozi yakaifunika. Umenichorea mkono wa kushoto.

Mkono wa kulia wa mwanangu uko wapi?

Usiniambie alikuwa amelala ukauchukua uliokuwa karibu. Bonge hulalia ubavu wa kushoto tangu azaliwe, wa kulia ndio unaobaki nje. Halafu hupigi pasi. Wewe, ambaye hata kitambaa cha kufutia cherehani unakipiga pasi!

Nimefunga begi. Nimelifungua. Nimelifunga tena. Boti inaondoka kesho asubuhi na sijui nipande au nibaki, kwa sababu sijui ninakimbilia nini. Hicho ndicho ulichonifanyia, baba. Umeniacha gizani ukadhani umenifunika shuka.

Na mimi nikuambie ukweli wangu, kwa sababu nilianza mimi. Sikuwa na mafua. Ile mara ya pili nilipopandishwa nilitokwa damu puani, na sikio moja likaziba. Mhudumu wa huduma ya kwanza amenikataza maji mpaka lizibuke. Nilikuficha ili ulale. Na wewe umenificha ili nilale. Tazama sasa jinsi tunavyolala.

Kwa hiyo sikiliza, na sitarudia. Kuanzia leo, juu ya barua, kabla ya salamu, andika namba. Moja, mko salama. Mbili, nilegezee, kuna jambo lakini unalimudu. Nne, njoo, na nikiiona nne nitakuja hata kwa kushika mkia wa boti, kazi ibaki na wenyewe. Lakini iwe ya kweli. Usiandike moja ili nisilie. Usiandike nne kwa sababu kitanda kina baridi. Huku niliko sioni kitu. Nina hiyo kamba tu.

Begi limefungwa, liko mlangoni. Nasubiri Alhamisi kama mtu anayesubiri hukumu.

Mama Bonge


Kituoni, Alhamisi, 19 Machi

Mkwe wangu,

Hatujuani, ila nakuita mkwe kwa sababu mkeo kwangu ni binti. Mimi ndiye mshika kamba wa hapa. Kalamu si kazi yangu, unisamehe mwandiko.

Nakuandikia kama mwanamume kwa mwanamume. Mwite mkeo nyumbani. Sema mtoto anaumwa, sema lolote. Akiitwa na mume, Mkuu atamruhusu na hakuna atakayemcheka.

Nimeshika kamba ya wanaume wengi. Wao wakivuta, nahesabu. Huyu akivuta, sihesabu chochote, nasikia mtoto analia chini ya maji, mkono unavuta wenyewe. Ile siku ya pili alitoka na damu usoni. Tangu hapo chakula hakinishuki. Naogopa atanifia mikononi, mkwe.

Asijue kama nimekuandikia.

Mimi,
Nanga


Nyumbani, Jumapili, 22 Machi

Mbili.

Nimeiandika mbili nikaifuta nikaiandika tena. Ni mbili, mama. Ya kweli.

Ilikuwa Jumatano, kabla ya ile barua yangu fupi. Nilikuwa napiga pasi kola ya shati, mteja akaja kupimwa, nikageuka na futi ya kupimia. Waya wa pasi ulikuwa unaning'inia. Nilikuambia ukiona kitu kinaning'inia mbele ya mtoto huyu. Nilikuambia wewe, mimi mwenyewe sikusikia. Akavuta. Pasi ikaangukia kiganja chake cha kulia.

Sikumbuki nilivyofika zahanati. Naambiwa nilikimbia na futi shingoni, mguu mmoja una kiatu.

Kiganja kimeungua katikati na vidole vitatu upande wa ndani. Hakuna usaha. Anakula kwa kushoto na anapiga watu kwa kushoto. Kila siku nampeleka, nesi anaosha, anatenganisha kidole na kidole kwa kitambaa. Siku ya kwanza Bonge alilia mpaka akakosa sauti, nikamshika nesi mkono, nikasema basi, mwache apumzike. Nesi hakuniangalia hata usoni. Akasema, "Baba, ukimwonea huruma leo, vidole vitashikana, na kesho atashindwa kushika kijiko." Sasa namshikilia mimi mwenyewe, ninalia mimi, kazi inafanyika. Nimemshonea glovu ya pamba laini, kila kidole na chumba chake. Ndiyo nguo ndogo kuliko zote nilizowahi kushona, na ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa utaniona sifai. Basi. Sina maelezo mengine.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Haikuandikwa kwako lakini ni yako. Mzee alitaka usijue. Mimi na wewe tumemaliza mambo ya kutokujua.

Nikuambie yote? Nilipoisoma, nilifurahi. Nilisema moyoni, hii hapa njia. Siyo mimi ninayemwita, ni mzee. Kalamu ilikuwa mkononi, ningechora vijiti vinne tu na Ijumaa ungekuwa mlangoni, na Bonge angekurukia. Nilikaa na hiyo barua mezani mchana kutwa kama mtu aliyewekewa chakula cha mwenzake. Halafu saa ya zahanati ikafika, nikaenda, nikamshikilia mtoto, nesi akatenganisha vidole.

Nilipoingia ndani nikaandika mbili.

Huyo mzee si mbaya. Anaogopa kama mimi. Lakini sitaki ufe kwa sababu ya woga wetu sisi wanaume wawili.

Fungua begi, Mama Bonge.

Fundi


Kituoni, Alhamisi, 26 Machi

Moja. Au mbili. Sikio limezibuka.

Nimeipokea mbili yako. Nalegeza.

Barua ya mzee nimeisoma. Nikiongeza neno leo nitaandika matusi, na karatasi za hapa ni za serikali. Mbusu mkono, juu ya glovu. Umenisikia? Juu ya glovu, taratibu.

M.B.


Kituoni, Jumatano, 1 Aprili

Mbili.

Baba Bonge, kaa chini, hii ni ndefu.

Ijumaa nilimfuata Nanga kule anakokunjia kamba. Nikampa barua yake. Nikamwambia, "Mzee wangu, barua yako ilikosea nyumba."

Aliitambua. Uso ulimshuka. Akasema, "Mkwe amekupa?"

"Amenipa."

"Kijana yule hana siri."

"Zamani alikuwa nazo. Zimemwisha."

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nilikuwa na maneno nimeyanoa tangu usiku. Lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua kamba ileile, ile mikono kama makasia, nikajikuta nimekaa karibu naye kwenye ile kamba. Nikamuuliza kama yuko tayari tuupime mkono wake, kama tunavyopima maji. Akaniuliza mkono unapimwaje. Nikamwambia.

Jumatatu tukafanya. Stoo ya mitungi ina ukuta wenye tundu la hewa. Tukapitisha kamba kwenye tundu, Nanga upande wa huku; upande wa kule Mkuu, wazamiaji na mimi, asimwone anayevuta. Tunabadilishana kuvuta, yeye anataja alichosikia kwa sauti, na wale mabinti wanaandika.

Hakukosea hata moja. "Moja, salama! Mbili, legeza! Nne, pandisha!" Zangu alizitaja zote sawasawa kama za wengine. Mabinti wakawa wanatazamana. Mkuu akasahau kuangalia saa.

Halafu nikaomba tuendelee, ila safari hii Mkuu ataje jina la anayevuta. "Mrefu!" Mbili, legeza. Sawa. "Mama Bonge!" Kamba ikavutwa mara mbili, wote tuliona kwa macho yetu, mbili za wazi kabisa. Nanga akapaza sauti, "Nne! Mpandisheni!" na akaanza kuvuta kweli, nusura aung'oe ukuta.

Mrefu akatoka nyuma ya stoo, kamba mkononi. "Mzee, ni mimi huyu."

"Wewe nani?"

"Mimi niliyevuta. Huyu dada amesimama pale, mikono mfukoni."

Nilikuwa nimemfuata Mrefu; nikatoa mikono mfukoni nikaionyesha. Hakuna aliyecheka, isipokuwa binti mmoja, kwa woga, akajiziba mdomo. Nanga aliangalia kamba, akaniangalia mimi, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Akasema taratibu, "Kumbe mkono mzima. Mgonjwa ni mimi."

Mkuu akasema basi Alhamisi kamba ashike Mrefu. Ilikuwa rahisi kukubali. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka kusema asante. Nikakataa. Nikasema ashike Nanga. Mrefu ataondoka mwisho wa mwaka, Nanga yupo. Hawa mabinti wawili watakaposhuka, kamba yao itakuwa mikononi mwake, na wao hawataweza kuimba kwenye tope kila siku. Kama atapona, apone kwangu.

Sasa ni jioni nimekaa kitandani na miguu imekuwa ya barafu. Jana niliota nimevuta nne, nne, nne, na juu hakuna mtu. Unaona woga ulivyo? Kabla ya hapo niliogopa atanivuta. Sasa naogopa kwa aibu ile aliyoipata hatanivuta hata nikifa. Nimemtia mashaka na mkono wake, halafu huo huo mkono ndio nauachia roho yangu. Nani mwenye akili anafanya hivyo?

Pampu inakohoa. Maziwa hayashuki tena. Leo ndiyo nimegundua. Nimelia kwa hilo kuliko mengine yote.

Vidole vya Bonge vinakunja? Niambie ukweli wake. Kesho asubuhi, siku moja kabla boti haijaondoka, nitashuka. Naandika mbili. Ningeweza kuandika nne, na wewe ungekuja na mtoto mgongoni, nakujua. Lakini ni mbili. Nilegezee.

Wako daima,
Mama Bonge


Kituoni, Alhamisi, 2 Aprili

Moja.

Mkwe wangu, usishtuke kuona mwandiko wangu. Nimeambiwa namba itangulie, nimeitanguliza. Mkeo mzima. Amelala, buti moja hajavua. Barua yake ya jana utaipata pamoja na hii. Amesema ya leo niandike mimi, kwa kuwa yaliyotokea juu anayejua ni mimi.

Alishuka maji yakiwa yametulia. Nilikataa kiti, nikasimama. Akavuta moja, nikajibu moja. Kamba ikaenda, ikaenda, ikasimama. Kimya. Mapovu yake yakawa yanatoka sehemu moja, hayaendi mbele. Mrefu akaniambia, "Mzee, amekwama." Nikamwambia nyamaza.

Ndipo ikaja. Mara mbili.

Mkwe, sitakudanganya. Nilisikia mtoto analia, kama siku zote. Mkono ulitaka kuvuta. Mgongo wote ulitaka kuvuta. Nikasema kwa sauti, watu wote wa boti walinisikia, "Mbili ni mbili!" Nikalegeza. Kulegeza ile kamba ndiyo kazi nzito kuliko zote nilizofanya baharini. Jasho liliingia machoni sikulifuta.

Tukakaa. Sijui muda gani, Mkuu ndiye mwenye saa, naye hakuitazama.

Ikaja moja. Niko salama. Nikashika ukingo wa boti.

Baadaye ikaja nne, nikaihesabu yote, moja, mbili, tatu, nne, ndipo nikampandisha, taratibu, pumzi kwa pumzi kama tulivyokubaliana. Alitoka na vipimajoto vyote kwenye mfuko kifuani, amevikumbatia kama mtoto. Alipotoa mpira mdomoni akaniambia kilichotokea. Kule chini kulikuwa na wavu wa zamani umezikwa kwenye tope. Ulinasa mtungi wake kwa nyuma. Alihitaji kamba ilegee ili arudi hatua, ajichomoe. Ningevuta, ningemkaza kwenye wavu kama fundo. Ningemvuta kwa huruma zangu zote mpaka mwisho.

Nilipolisikia hilo nilikwenda nyuma ya boti nikatapika. Mkeo alikuja akanimwagia maji kichwani, akasema, "Pole, mzee wangu, nimekusikia." Ananitania huyu, na mimi nilistahili.

Mkuu amesema wiki ijayo ashuke mmoja wa wale mabinti. Yule aliyecheka. Tangu aambiwe amekuwa akirudia chupa ileile kuiosha. Ameniuliza kama naogopa. Nimemwambia ndiyo, sana, na nitahesabu.

Ile barua yangu ya kwanza, mkwe, ichome.

Hapo chini mkeo amechora kiganja chake kabla ya kulala. Amesema umwekee mtoto mkono juu yake, hata kama bado una glovu. Ni cha kulia. Nilikuwepo akichora, nimehakikisha mwenyewe.

Mimi,
Nanga, mshika kamba